Baridi Yabisi kwa Watoto: Askari wa Mwili Wanapokosea

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha ushuke polepole)

   Popote ulipo, iwe ni Kangemi unapanga mboga kwenye meza, Kawangware unaanika nguo, Uthiru, Dagoretti, au uko ndani ya matatu unaelekea mjini, tafadhali tega sikio. Leo tunazungumza juu ya mtoto anayevimba viungo, na juu ya askari fulani walio ndani ya damu ambao wengi wetu hatujawahi kusikia wakitajwa.

Ugonjwa wa kuvimba na kuumwa na viungo tunauita baridi yabisi. Jina hili tumelirithi kwa wazee wetu, lakini limetupotosha kidogo. Likitajwa tu, tunafikiria baridi. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na ukungu na manyunyu, mama husema, "Nilimwacha mtoto akacheza kwenye sakafu bila viatu." Nyanya naye hulaumu maji baridi ya kuogeshea. Mama, baridi inaweza kuongeza maumivu katika kiungo ambacho tayari ni kigonjwa, lakini haileti ugonjwa wenyewe. Hukumkosea mtoto wako.

Jambo la pili: huu si ugonjwa wa wazee peke yao. Mtoto wa miaka 2 anaweza kuupata. Ukianza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na uvimbe ukidumu wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kupatikana, madaktari huuhesabu kuwa baridi yabisi ya utotoni. Chanzo chake ni kinga ya mwili kumshambulia mwenye mwili.

KITAMBULISHO MLANGONI

Tuanze na kinga yenyewe. Mwili wako una askari wake, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Wako wa vikosi vingi. Wengi wetu tunakijua kikosi kimoja, CD4, kwa sababu ya mafunzo ya virusi vya Ukimwi. Leo nataka tukijue kikosi kingine. Madaktari hukiita kwa herufi mbili, NK, na maana yake ni chembechembe zenye asili ya kuua. Zimo katika damu ya kila mmoja wetu. Ukihesabu chembe 100 za jamii inayoitwa limfosaiti, zile za NK huwa takriban 5 hadi 15.

Zinafanyaje kazi? Fikiria umeenda mjini, unataka kuingia jengo la ofisi pale Moi Avenue. Soja wa mlangoni hakujui, na hana picha yako. Anachouliza ni kimoja: "Kitambulisho kiko wapi?" Ukiwa nacho, unapita. Ukikikosa, una shida.

Chembe za NK ni soja wa namna hiyo. Karibu kila chembe ya mwili wako hubeba juu yake alama fulani inayosema, "Mimi ni wa hapa." Virusi vikiingia ndani ya chembe, au chembe ikigeuka kuwa saratani, mara nyingi alama hiyo hupotea. Vikosi vingine vya kinga hufanya kazi kama polisi mwenye picha ya mtu anayetafutwa, na huchukua siku kadhaa kuisambaza picha hiyo. NK hazingoji picha. Zikikuta chembe isiyo na kitambulisho, na yenye dalili za kusumbuka, huibana, hutoboa tundu katika ukuta wake, kisha hupenyeza protini inayoiamuru chembe hiyo ijife.

Jiji letu lina mkono katika elimu hii. Katika miaka ya 1960, Dkt. Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta alishirikiana na wanasayansi wawili wa Taasisi ya Karolinska huko Stockholm, Sweden, George Klein na mkewe Eva Klein. Walikuwa wakichunguza uvimbe wa Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya za watoto. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kutoka Nairobi hadi Stockholm, na chembe zake zikakuzwa katika maabara. Mwaka wa 1975, Eva Klein, pamoja na Rolf Kiessling na Hans Wigzell, walieleza juu ya chembe hizi za NK na kuzipa jina. Ronald Herberman na wenzake nchini Marekani waliziona wakati huo huo. Mwaka wa 1986, Klas Kärre na wenzake, hapo hapo Stockholm, walionyesha kwamba soja huyu hutazama kile kinachokosekana. Na baadhi ya chembe zilizokuzwa kutokana na uvimbe wa Burkitt wa Afrika Mashariki, ambazo zilikosa kabisa kitambulisho hicho, hutumiwa katika maabara za dunia hadi leo kuchunguza kazi ya kinga.

KAZI YA PILI: KUZIMA MOTO

Soja mzuri hafukuzi wezi tu. Vurugu zikiisha, ndiye pia anayewaambia watu, "Basi, tawanyikeni, rudini nyumbani." Chembe za NK zina kazi hiyo pia. Baada ya vita na ugonjwa, kuna askari wenzao ambao damu imewapanda na hawataki kutulia. NK huwaondoa. Hapo king'ora huzimwa, homa hushuka, uvimbe hupungua na mtoto hurudi kucheza.

Sasa, katika magonjwa ya kinga kujishambulia, kazi hizi mbili huvurugika. Sikiliza mifano mitatu.

Wa kwanza ni lupasi. Ugonjwa huu hupata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kati ya wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wasichana wanaobalehe pia huupata. Huleta maumivu ya viungo, uchovu, vidonda mdomoni, nywele kukatika, upele mashavuni unaopita juu ya pua kama mabawa ya kipepeo, na mara nyingi huumiza figo. Watafiti wamepima damu ya wagonjwa wa lupasi mara nyingi na kukuta chembe za NK zimepungua, na zile zilizobaki zina nguvu kidogo ya kuua.

Wa pili ni baridi yabisi ya watu wazima, inayokakamaza vidole na viganja asubuhi. Ukitoa maji yaliyo ndani ya kiungo kilichovimba, unakuta NK zimo, lakini nyingi ni za aina inayopiga kelele kuliko kuua. Humwaga kemikali zinazoita askari wengine waje, na uvimbe huzidi. Ni kama soja anayepuliza filimbi usiku kucha bila mwizi kuwapo. Mtaa mzima haulali.

Wa tatu ndio unaotugusa zaidi leo, kwa sababu unaweza kumwua mtoto kwa siku chache. Kuna aina ya baridi yabisi ya utotoni inayoshika mwili mzima. Mtoto hupata homa kali inayopanda mara moja kwa siku, mara nyingi jioni, kisha inashuka yenyewe, na hali hii huendelea kwa wiki 2 au zaidi. Pamoja na homa huja upele unaotokea na kutoweka. Kwenye ngozi yetu nyeusi upele huu ni vigumu kuuona, kwa hiyo mchunguze mtoto penye mwanga wakati homa imepanda. Tezi zinaweza kuvimba. Viungo vinaweza kuvimba mapema, au wiki kadhaa baadaye.

Katika aina hii, nguvu ya NK ya kuua huwa imeshuka kwa watoto wengi. Maana yake ni kwamba yule wa kusema "tawanyikeni" hayuko kazini. Kwa takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye aina hii, moto hulipuka. Askari waliopandwa na damu huanza kula chembe za damu za mtoto mwenyewe, ini huumia, na damu hushindwa kuganda.

DALILI ZA HATARI

Mama, hapa naomba uache kidogo unachofanya. Ikiwa mtoto wako ana baridi yabisi au lupasi, au ana homa ya wiki nyingi isiyojulikana, na ukaona moja ya dalili hizi, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

1. Homa iliyokuwa ikipanda na kushuka sasa haishuki kabisa.
2. Anatokwa na damu puani au kwenye fizi, au ana alama za damu chini ya ngozi bila kuumia.
3. Amekuwa mweupe viganjani na kwenye ulimi, au macho yamekuwa ya manjano.
4. Analala kupita kiasi, anachanganyikiwa, au amepata degedege.
5. Amekuwa mnyonge sana, ingawa viungo vyake vinaonekana kupungua uvimbe.

Hiyo ya tano huwadanganya wengi. Mama huona magoti yamepungua akasema, "Ashukuriwe Mungu, dawa imefanya kazi." Lakini mtoto aliyepona hucheza na kula. Mtoto ambaye goti limepungua huku homa ikimchoma na mwili ukimlegea, huyo hajapona. Hata kipimo cha damu cha ESR, ambacho hupanda palipo na uvimbe, kinaweza kushuka wakati huu huu wa hatari. Mwambie daktari waziwazi: "Mtoto huyu ana baridi yabisi, na homa yake imebadilika." Daktari atahesabu chembe za damu, atapima ini, na pia kiwango cha feritini, ambacho hupanda sana katika hali hii. Hali hii inatibika ikigunduliwa mapema.

(Muziki mfupi)

USIONGEZE KUNI KWENYE MOTO

Tukisikia neno "kinga," wengi wetu hukimbilia kuongeza kinga. Mtoto akiwa mgonjwa mara kwa mara, jirani anakuambia, "Mnunulie ile dawa ya kuongeza kinga." Zinauzwa kwenye matatu, mlango kwa mlango, na siku hizi hata kwa simu. Ni za unga, za chupa, na za vidonge vyenye picha ya mtoto anayecheka.

Mama, katika baridi yabisi na lupasi, shida ya mtoto haiponi kwa kuichochea kinga. Kinga yake tayari inawaka. NK zimelegea mahali fulani, ni kweli, lakini hakuna unga wala chupa ya dukani inayoweza kuchagua kikosi hicho kimoja na kukirudisha kazini. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo zimewahi kupatikana zimechanganywa kisiri na steroidi. Mtoto hupata nafuu ya ghafla, mama hufurahi, kumbe ugonjwa unafichwa na mifupa inaumia. Pesa ya chupa hiyo, mama, ni nauli ya kliniki.

Utasikia pia kwamba tangu miaka hii ya 2020 wanasayansi nchini China na Marekani wanajaribu kutibu lupasi kwa chembe za NK zilizobadilishwa katika maabara. Ni kweli, wanajaribu. Bado ni utafiti, na mtu akikuambia anaziuza hapa mjini, ondoka. Vile vile usilipie kipimo cha NK kwa kudhani ndicho kitakachotambua baridi yabisi. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa kusikiliza maelezo yako, kushika viungo vya mtoto, na vipimo vya kawaida vya damu.

NITAJUAJE KWAMBA SI MAUMIVU YA KUKUA?

Swali hili akina mama huliuliza sana, nalo ni swali zuri. Maumivu ya kukua huja jioni au usiku, kwenye miguu yote miwili, kwa kawaida kwenye ndama na mapaja. Ukimkanda mtoto hutulia, na asubuhi huruka kitandani kama kawaida. Hakuna uvimbe.

Baridi yabisi ni kinyume. Asubuhi ndiyo mbaya. Mtoto huamka amekakamaa kama mzee, huchechemea, hukataa kuvaa viatu, hutaka kubebwa, kisha akishatembeatembea hulegea kidogo. Mdogo asiyejua kusema utamwona ameacha kusimama, au ameanza tena kutambaa. Kiungo huvimba na huwa na joto. Wengine hawalii hata kidogo, kwa hiyo usingoje kilio.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili, na ndiyo sababu mtoto lazima aonwe. Maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine baada ya kuumwa na koo yanaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu moyo, na dawa yake ni sindano za penisilini kwa ratiba. Kiungo kimoja chenye joto, homa kali, na mtoto asiyekubali kiguswe huenda kina usaha, na hiyo ni dharura. Selimundu, kifua kikuu cha mifupa na saratani ya damu pia huleta maumivu ya miguu. Ikiwa mtoto ametibiwa malaria au homa ya matumbo mara mbili au tatu na homa inarudi, uliza kwa heshima: "Daktari, tunaweza kutafuta sababu nyingine?"

NIANZIE WAPI?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, iwe ni Kangemi, Riruta, Waithaka au Westlands. Mweleze mhudumu uvimbe ulianza lini na asubuhi huwa vipi. Nenda na kijitabu cha kliniki na karatasi zote za zamani. Kama uvimbe umepita wiki 6, omba barua ya rufaa. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina madaktari wa watoto na wa magonjwa ya viungo. Mabingwa wa viungo kwa watoto ni wachache sana nchini. Dkt. Angela Migowa, aliyesomea fani hiyo Kanada na kufanya kazi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands, ni miongoni mwa wa kwanza. Kwa sababu ya uchache huo, foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo anza safari mapema. Hakikisha pia familia imejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na uulize ni huduma zipi zinalipiwa kabla ya siku ya vipimo.

Usisahau macho. Baridi yabisi ya utotoni inaweza kuvimbisha jicho kwa ndani bila wekundu wala maumivu, mpaka mtoto apoteze uwezo wa kuona. Macho yapimwe na daktari wa macho kila inapoagizwa, hata kama mtoto anaona vizuri. Kwa sisi wa upande huu wa magharibi, hospitali ya PCEA Kikuyu ina kitengo cha macho kinachojulikana sana.

DAWA ZAKE

Dawa za ugonjwa huu hutuliza askari waliokasirika. Ya maumivu hupunguza uvimbe, lakini usinunue diklofenaki ya dukani kila wiki bila daktari, kwa kuwa huumiza tumbo na figo.

Predinisoloni hufanya kazi haraka. Inaweza kumnenepesha mtoto uso na kumwongezea njaa. Akina mama wengi huogopa wakaikatiza. Tafadhali usikatize ghafla. Mwili huwa umezoea, na mtoto anaweza kuzimia au hata kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari.

Methotreksati humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Narudia, mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagua siku moja, kwa mfano Jumapili baada ya kanisa au Ijumaa baada ya swala, na uiandike ukutani. Ikimezwa kila siku ni sumu. Msichana aliyefikia umri wa kuzaa ajue kwamba dawa hii humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuhusu chanjo: mtoto anayetumia dawa za kutuliza kinga bado anahitaji chanjo, lakini zile zenye viini hai, kama ya surua au homa ya manjano, zinaweza kumdhuru. Kabla ya sindano yoyote, hata wakati wa kampeni ya chanjo mtaani, mwonyeshe muuguzi dawa anazotumia mtoto.

Mwisho, ugonjwa huu hauambukizi. Si Ukimwi, wala haukuletwa na jicho la mtu. Mtoto alale na wenzake, ale nao sahani moja, aende shule. Mwambie mwalimu kwamba asubuhi mtoto huyu huchelewa kwa sababu ya viungo, wala si uvivu. Akiweza kutembea, atembee, kwa sababu kiungo kisichotumika hukakamaa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kiungo kilichovimba na kukakamaa asubuhi kinahitaji kuonwa kituoni. Kikipita wiki 6, omba rufaa.
2. Baridi yabisi ya utotoni inatokana na kinga kukosea. Si baridi, wala si kosa la mama.
3. Usinunue dawa ya kuongeza kinga.
4. Homa isiyoshuka, damu kutoka, au mtoto kulegea: hospitali siku hiyo hiyo.
5. Predinisoloni haikatizwi ghafla. Methotreksati ni mara moja kwa wiki.
6. Macho yapimwe.

Nyumbani kesho asubuhi, mtoto akishuka kitandani, mtazame hatua zake kumi za kwanza. Hapo ndipo ugonjwa huu hujionyesha, na wewe mlezi ndiwe wa kwanza kuuona, kabla ya daktari yeyote.  

(Muziki wa kufunga)